Wazimamoto wa Kujitolea katika Milima ya Iringa

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vya tarikhi wala katika daftari za mishahara: wanaume na wanawake wa vijiji vya Iringa ambao, tangu baridi ya Juni inapoanza kukausha majani hadi mvua za kwanza zinapodondoka mwezi wa Novemba, hulala wakijua kwamba saa yoyote ya usiku huenda wakaamshwa kwa yowe, wakaacha vitanda vyao, wakaenda kupambana na moto ambao hawakuuwasha, katika ardhi ambayo mara nyingi si yao, pasipo ijara wala ahadi ya ijara. Zikitajwa habari za zimamoto, fikra zetu hukimbilia gari jekundu na king'ora cha mjini, wala si vibaya, kwani Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina heshima yake nami nitalitaja mahali pake. Lakini kabla halijakuwapo jeshi, na hata leo kule ambako gari lake haliwezi kuwahi, walikuwapo na wangalipo majirani, na habari zao ndizo nilizokusudia kuzisimulia.

Ninayo hoja moja ambayo nitaomba mnipimie kadiri tunavyoendelea. Naamini kwamba kikosi cha kujitolea hakizaliwi kwa amri ya mkubwa yeyote, awe mtawala au mfadhili. Huzaliwa siku ile mwanakijiji anapopata kitu chake mwenyewe kinachoweza kuungua, na akatambua kwamba cha jirani kikiteketea, chake hakitasalimika.

Asiyeifahamu Iringa na afikirie kwanza nchi yenyewe. Mji umekaa juu ya kilima, chini yake unapita mto Ruaha Mdogo, na ukitoka hapo kuelekea kusini barabara hupanda polepole kwa masafa ya kilomita 80 hivi mpaka Mafinga, na kutoka Mafinga hupanda tena kuingia Mufindi, nchi ya ukungu, chai na misonobari. Mvua huko ni za msimu mmoja tu kwa mwaka. Zikishakwisha, yapata mwezi wa Mei, nyasi zilizokuwa zimefika kifuani huanza kugeuka rangi. Mwezi wa Julai umande wa baridi kali huzibabua. Na ikifika Septemba, jua linapoanza kuwa kali na pepo za mchana zinapovuma juu ya vilima, nchi nzima huwa imekauka kiasi kwamba cheche moja yatosha. Moto, hata hivyo, haukuwa adui wa watu wa huko tangu azali. Mkulima aliutumia kusafisha shamba lake, mfugaji aliwasha ili majani mabichi yachipue kwa ajili ya ng'ombe, mrina asali aliuhitaji kwa moshi wake, na mwindaji alichoma kichaka ili wanyama wadogo watoke mafichoni. Kadhalika nyumba ya asili ya Wahehe, yaani tembe, nyumba ndefu ya kuta za udongo na paa bapa la udongo vilevile, haikuwa rahisi kushika moto wa nyasi uliopita karibu yake. Naona kwamba katika zama za Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alipokuwa na ngome yake Kalenga kabla Wajerumani hawajaibomoa mwaka 1894, mtu aliyeona moshi mlimani aliutazama kama sisi tunavyotazama mawingu: aliuliza umetokea upande gani na unaelekea wapi, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Ukaja utawala wa Mwingereza, na pamoja nao zikaja sheria. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu wa Tanganyika uwezo wa kutoa amri juu ya mambo mengi, na uchomaji wa nyasi ulikuwa miongoni mwake. Na baadaye ikatungwa sheria mahsusi ya kudhibiti mioto ya nyasi. Mwenye kuchoma bila idhini alistahili adhabu, na moto ukishatokea, jumbe alipaswa kuwatoa watu wake waende wakauzime. Huo ndio uzimaji wa moto wa kwanza kupangwa rasmi katika vijiji vyetu, nao, kwa kuwa ulipangwa kwa amri, haukuweza kuwa na moyo ule ninaouzungumzia. Mtu aitwaye na jumbe kwenda kuokoa pori la Serikali huenda kwa kuwa anaogopa faini. Hupiga moto pale anapoonekana, na akipata upenyo hurejea nyumbani kupitia bondeni. Simlaumu. Pori lile halikumpa kuni bila kibali, wala nguzo, na hata nyama yake ilikuwa haramu kwake. Angekosa nini lau lingeungua?

Ilikuwa katika enzi hiyo hiyo, mwaka 1939, ambapo miche ya majaribio ilipandwa Sao Hill, karibu na Mafinga. Jambo lililoanza kidogo hivyo lilikua baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, likawa shamba kubwa kupita yote ya miti ya kupandwa katika Tanzania, ambalo leo eneo lake linapita hekta 130,000, ijapokuwa si lote lililopandwa; na mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilifunguliwa ili kuitumia miti hiyo. Mti uliopandwa kwa wingi ni msonobari, na ni lazima niseme neno juu ya tabia yake, kwa sababu tarikhi yote iliyofuata imetokana nayo. Msonobari una utomvu unaowaka kama mafuta ya taa. Majani yake, membamba kama sindano, huanguka na kufanya zulia juu ya ardhi ambalo halioi upesi katika baridi ya Mufindi, na matawi yake ya chini yasipopogolewa hukauka yakiwa bado mtini, yakawa ngazi ya kuupandisha moto kutoka ardhini mpaka kileleni. Moto wa nyasi hupita, na mwaka unaofuata nyasi huota tena. Moto wa msonobari ukishapanda juu husikika kwa mbali ukinguruma, huruka barabara, na ukipita huacha nguzo nyeusi ambazo zilikuwa kazi ya miaka 20.

Shamba la Sao Hill lilijiwekea hadhari tangu mapema. Lilikatwa vipande kwa barabara za moto, yaani njia zilizofyekwa ili kuuzuia moto usivuke, ikawekwa minara ya walinzi wa kutazama moshi, na wakaajiriwa watu wa kuzima. Lakini hakuna mwajiri awezaye kuwalipa watu wa kutosha kuizingira nchi kubwa kiasi hicho, kuanzia Irundi na Ihefu mpaka Ihalimba na Mgololo. Kwa hiyo moto ulipozidi, vijiji vya kando viliitwa, na wanavijiji wakapakiwa kwenye malori wakaenda. Walikuwapo waliokwenda kwa ihsani, na walikuwapo waliokwenda kwa sababu mtendaji wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba. Ile hali ya zama za jumbe ilikuwa bado haijaondoka kabisa.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili, na zote mbili zinaunga mkono hoja yangu. Njia ya kwanza ilikuwa ya misitu ya asili. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 mradi wa Hifadhi Mazingira, ulioitwa HIMA, na kuanzia mwaka 1999 mwenzake uliojulikana kwa jina la MEMA, yote kwa msaada wa Denmark, ilifanya kazi na vijiji vya Iringa katika utunzaji wa ardhi na misitu. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikatia muhuri haki ya kijiji kuwa na msitu wake wenyewe wa hifadhi, kuutungia sheria ndogo, na kupokea mapato yake. Kijiji kama Mfyome, upande wa kaskazini wa mji wa Iringa, kikawa na msitu wake, na kamati yake ya kuutunza. Hapo moto ukabadilika sura. Aliyechoma pori hakuwa tena ameikosea Serikali ya mbali. Alikuwa amewakosea jirani zake, nao walimjua kwa jina na kwa ukoo.

Njia ya pili ilikuwa ya msonobari wenyewe. Wanavijiji wa Mufindi, Kilolo na Njombe, baada ya kuona kwa macho yao malori ya mbao yakishuka kwenda Dar es Salaam mwaka baada ya mwaka, walianza kupanda miti yao. Mmoja alipanda nusu ekari nyuma ya nyumba, mwingine ekari mbili katika shamba la marehemu baba yake, na mjane akapanda mistari michache kando ya mahindi kwa nia ya kumsomesha mtoto atakapofika sekondari. Katika nyanda zile miti ikawa ndiyo akiba ya mtu asiye na hesabu benki. Mwaka 2014, Tanzania na Finland zilipoanzisha programu iliyoitwa Panda Miti Kibiashara, ambayo iliwakusanya wapandaji wadogo katika vyama vya wakulima wa miti, mafunzo ya kujikinga na moto yalikuwa sehemu ya kazi yake, vikosi vya vijiji vikafundishwa na vikapewa zana. Nampongeza kila aliyesaidia. Hata hivyo sitakubali asemaye kwamba mfadhili ndiye aliyevileta vikosi hivyo. Mafunzo na zana vilikuta watu ambao tayari walikuwa na sababu ya kukimbilia moshi.

Sasa naomba mnifuate mpaka kwenye moto wenyewe, kwani anayezungumzia kazi hii bila kuielezea huwaonea waifanyao. Ishara ya kwanza ni yowe, au rimu ya gari kuukuu iliyoning'inizwa mtini ikipigwa kwa chuma, na siku hizi pia simu ya mkononi. Watu hutoka na walicho nacho: panga, jembe, fyekeo, reki, na mwenye bomba la mgongoni, lile lile analopulizia dawa nyanya zake, hulijaza maji akalibeba. Hakuna mwenye akili anayeukabili moto kwa mbele. Kikosi huugawa katika mbavu zake mbili, huanzia kule nyuma ulikokwisha kupita, mahali penye majivu ambapo mtu anaweza kurudi akizidiwa, na husogea kuufuata kichwa, kila mmoja akiwa na tawi bichi lenye majani mengi. Na kupiga moto kuna adabu yake. Mgeni huinua tawi juu akalishusha kwa nguvu kama apigaye nyoka, na kwa kufanya hivyo huzirusha cheche kwenye nyasi ambazo zilikuwa bado hazijaguswa. Mzoefu hulilaza tawi juu ya mwali, akaukandamiza mpaka ukose hewa, kisha akalivuta kuelekea upande uliokwisha kuungua. Nyuma yake hufuata mwingine kuzima yaliyosalia, kwani ukiacha mwali mdogo kama wa kiberiti, baada ya nusu saa moto utakuwa nyuma yako.

Kichwa cha moto kikiwa kikali mno, wakubwa wa kikosi hufanya shauri la mwisho, nalo ni la hatari. Hutangulia mbele kwa mbali, mpaka kwenye barabara ya moto au kwenye njia ya ng'ombe, na hapo huwasha moto mwingine wao wenyewe, wakiulinda usivuke nyuma yao, ili uende kukutana na ule mkubwa na kuunyima chakula. Kazi hiyo hapewi kijana. Hupewa yule ajuaye upepo wa bonde lile, ajuaye kwamba saa kumi jioni hugeuka, na kwamba usiku, baridi ikishuka, moto huinamisha kichwa. Wanawake huleta maji na togwa, nao pia hushika matawi, na mara nyingi hao ndio wanaobaki kesho yake kuvikagua visiki. Maana kisiki cha msonobari huweza kuungua ndani kwa ndani, kwenye mizizi, siku kadhaa, kisha kikatoa mwali mchana wa upepo wakati kila mtu amekwisha kurudi shambani.

Wenzetu wa nchi nyingine waliufikia ushirikiano kama huu wa majirani kwa njia yao. Plutarch ameandika kwamba katika Roma ya kale Crassus, tajiri mkubwa, alikuwa na watumwa wajenzi zaidi ya 500, na nyumba ilipokuwa ikiungua, yeye alikuwa akiinunua, pamoja na zile za jirani, kwa bei ya hofu. Na haikuwa mpaka mwaka wa 6 baada ya kuzaliwa Nabii Isa ambapo Kaisari Augusto aliunda kikosi cha walinzi wa moto wa mji ule. Huko Philadelphia, mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenziwe waliunda chama chao cha kuzima moto, na kila mwanachama alijifunga kuweka nyumbani kwake ndoo za ngozi na mifuko imara ya kuokolea mali. Valparaíso, bandari ya Chile, ilianzisha kikosi chake cha kujitolea mwaka 1851, na mpaka leo wazimamoto wa Chile ni watu wa kujitolea. Angalieni wale wa Philadelphia walikuwa nani: watu wenye nyumba na maduka katika mtaa mmoja, kila mmoja akijua kwamba paa la jirani likishika, lake ndilo linalofuata. Mwenye ekari mbili za misonobari kule Kilolo angeielewa mara moja ile kanuni ya ndoo za ngozi.

Nimesema nitalitaja Jeshi letu. Zamani huduma za zimamoto zilikuwa chini ya halmashauri za miji, kila mji kwa kadiri ya uwezo wake, mpaka Sheria ya mwaka 2007 ilipounda jeshi moja la taifa, ambalo mwananchi hulipata kwa kupiga namba 114. Askari wake ni watu hodari. Lakini masafa hayamtii mtu yeyote. Mwezi wa Agosti 2009 bweni la wasichana wa shule ya sekondari ya Idodi, katika njia iendayo Hifadhi ya Ruaha, liliungua usiku, na wanafunzi 12 wakafariki dunia; Mungu awarehemu. Kutoka Iringa mjini mpaka Idodi ni mwendo mrefu, na bweni huteketea kwa dakika chache. Katika hali kama ile, zimamoto ni yule aliye umbali wa kupiga kelele, naye ama amefundishwa ama hakufundishwa, ama mlango wa pili upo ama haupo. Hata juu ya Kilimanjaro, moto ulipozuka mwezi wa Oktoba 2020 katika hifadhi maarufu kama ile, mamia ya watu wa kujitolea, wanavijiji na wanafunzi pamoja nao, walipanda mlima kuwasaidia askari wa hifadhi.

Nisingekuwa mwaminifu kama ningenyamazia jambo linaloiweka hoja yangu katika majaribu. Miti ya Iringa imekuwa biashara, na matajiri wa mijini, wengine wakaao Dar es Salaam, wamenunua ardhi ya vijiji wakapanda misonobari. Miongoni mwao wamo wanaoyatunza mashamba yao vizuri kabisa. Wamo pia wasioonekana tangu siku ya kupanda: barabara za moto hawafyeki, matawi hawapogoi, mlinzi hawamlipi, na msimu wa kiangazi shamba lao huwa tambi iliyolowekwa mafuta katikati ya mashamba ya wanyonge. Moto ukiingia humo, kikosi cha kijiji hakina khiari. Lazima kiuzime, kwani kikiuacha utatokea upande wa pili kwenye misonobari ya mjane. Hivyo maskini humlinda tajiri bure, na tajiri hajui hata kwamba alilindwa. Hapo ndipo huzaliwa bughudha, na bughudha ikikaa muda mrefu, kijijini hupatikana mtu anayeona moshi akageuza uso. Na si kila moto ni wa bahati mbaya. Ugomvi wa mipaka, husuma za mirathi na uchungu wa aliyeuza ardhi kwa bei ya kutupa vimewahi kutafuta kisasi kwa kiberiti.

Kwa hiyo napendekeza, na halmashauri za vijiji zinayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo za namna hiyo, kwamba kila mwenye shamba la miti, akae hapo kijijini au akae ng'ambo, achangie kwa kila ekari aliyo nayo katika mfuko wa kikosi. Fedha hiyo isigeuzwe mshahara, kwani ikishakuwa mshahara tutauliza nani amelipwa na nani hakulipwa huku moto ukienda. Inunue viatu vya ngozi, maana wako wanaoingia kwenye majivu ya moto wakiwa wamevaa kandambili. Inunue mabomba ya mgongoni, na dawa ya kuungua ya kuwekwa zahanati. Ilishe kikosi usiku ule wa kulinda visiki. Na mwenye shamba asiyefyeka barabara zake kabla ya mwisho wa Juni, kijiji kifyeke, kisha kimdai gharama.

Tena, katika ofisi ya kila kijiji chenye kikosi, liwekwe daftari moja. Mtu anayeungua mkono akizima moto wa Wakala wa Huduma za Misitu, wa kampuni au wa jirani yake, leo hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba alikuwapo. Akienda kudai matibabu huulizwa nani alimtuma, na jibu la kweli, kwamba alijituma mwenyewe, ndilo linalomnyima haki. Daftari hilo liandikwe asubuhi ile ile, watu wakiwa bado na masizi usoni: tarehe, bonde lilikoanza, shamba la nani, saa waliyotoka na saa waliyorudi, jina la kila aliyekwenda, wanawake walioleta maji wasiachwe, na aliyeumia ameumia wapi. Mtendaji atie sahihi, na nakala ipelekwe kata.